Bakshishi ya mpagazi hotelini Bagamoyo: kwa begi, kwa safari ya toroli, au sandukuni?

#1 Karani wa Dunda
Salaam wakuu. Naandaa karatasi ya kuwekwa vyumbani kwenye loji moja hapa Bagamoyo, ile yenye nenosiri la intaneti, saa za chai na namba ya mapokezi. Mwenye loji anataka mstari mmoja kuhusu bakshishi ya anayebeba mizigo. Rasimu yangu inasema: "Shilingi 1,000 kwa kila begi, mpe mkononi begi likishafika chumbani." Meneja anataka nifute niandike "sanduku la pamoja lipo mapokezi". Mpishi anasema nisiandike lolote, kuandika ni kuomba. Vyumba 18, kutoka getini hadi banda la mwisho kama mita 150, nusu yake mchanga. Nipeni hoja.

#2 Mzee wa Toroli
Futa "kwa kila begi". Mabegi hayalingani. Begi la ndege daraja la kawaida ni kilo 23, mengine yanafika 32, halafu kuna mgeni anashuka na mkoba wa kompyuta tu. Wote uwatoze sawa?

Hesabu safari. Kwenye mchanga magurudumu ya begi hayazunguki, yanalima. Mchanga ukishaingia kwenye pini, gurudumu linakwama, plastiki inalika upande mmoja na lawama zote kwa mpagazi. Hapo panataka toroli la matairi mapana ya upepo, na usiyajaze yakawa magumu kama jiwe. Yakiwa laini kidogo ndiyo yanapita juu ya mchanga badala ya kuzama. Toroli la namna hiyo linabeba mabegi manne makubwa, mazito chini, yote yamelala. 2,000 kwa safari, yawe mawili au manne.

#3 Binti Raskazone
Bagamoyo mna mambo. Buku kwa begi lililobebwa begani mchangani? Huku Tanga mgeni akishushwa na bajaji kutoka stendi ya mabasi ya Kange, begi likapandishwa ghorofa ya pili bila lifti, hatoi chini ya 2,000.

#4 Dau la Kaole
@Binti Raskazone si ninyi mliojipa sifa ya waja leo waondoka leo? Mgeni wa usiku mmoja lazima atoe nyingi, hana kesho.

#5 Mapokezi Zamu ya Usiku
Kabla ya kubishania kiasi, tazameni wakati, maana ndipo bakshishi nyingi hupotelea. Mgeni ametoka ATM, ana noti za 10,000 tupu. Mpagazi hana chenji, na hata angekuwa nayo, kurudishiana chenji ya bakshishi mlangoni ni aibu kwa wote wawili. Mgeni anasema "nitakuona kesho". Kesho ni zamu ya mwingine.

Dawa iko mapokezi, haiko kwenye karatasi. Tenga droo ya chenji ya 50,000: noti 20 za 1,000, noti 10 za 2,000, sarafu 20 za 500. Mgeni akiwa anajaza fomu, mhudumu anauliza tu, "Tukuvunjie noti?" Bakshishi haijatajwa na mgeni ameshaelewa.

Kwa upande wa mpagazi: hesabu mabegi mbele ya mgeni na taja idadi kwa sauti. Kagua magurudumu, zipu na mkono wa kuvuta. Kilichovunjika kionyeshe pale pale getini, si chumbani. Tiketi ya mzigo ifungwe kwenye mshikio wa ubavuni. Usinyanyue begi kwa ule mkono wa kuvuta, hata ngazi tatu. Kilo 23 zinauchomoa kwenye reli zake na haurudi tena. Chumbani begi linakaa kwenye kitanda chake cha mbao, haliwekwi juu ya shuka. Onyesha swichi nyekundu ya hita, rimoti ya kiyoyozi, chandarua kinavyoshushwa. Kisha "karibu sana" na uondoke. Anayebaki kunyoosha pazia lisilo na kosa anajiharibia.

#6 Kichwa Ngumu
Hahaha pazia! Umesahau rimoti kuelezwa mara tatu.

#7 Mpiga Hesabu
Namuunga mkono meneja wa #1, ila sanduku bila hesabu ni wizi wenye kufuli. Linavyotakiwa: funguo mbili kwa watu wawili wa idara tofauti, lifunguliwe siku moja ya wiki wote wakiona, daftari lisainiwe. Mgao uwe wa pointi.

Mfano kwa loji ya vyumba 18: mapokezi watu 3 pointi 2 kila mmoja, wapagazi 2 pointi 3, usafi wa vyumba 6 pointi 3, jikoni 4 pointi 2, walinzi 2 pointi 1, dobi 2 pointi 1. Jumla pointi 42. Sanduku likitoka na 126,000, pointi moja ni 3,000, kwa hiyo kila mpagazi anaondoka na 9,000. Meneja na mwenye loji hawamo kwenye pointi. Wakiingia tu, wageni hawatajua lakini wafanyakazi watajua, na sanduku litakauka.

#8 Mzee wa Toroli
@Mpiga Hesabu 9,000 kwa wiki? Basi dogo moja likishuka Jumamosi anaipata mkononi kabla ya adhuhuri. Umemnyang'anya aliyebeba ukampa aliyekaa kivulini.

#9 Mpiga Hesabu
Na Jumanne hadi Alhamisi anapata nini? Na dobi aliyefua shuka za basi hilo hilo, mgeni atamwona wapi ampe? Mpagazi anapewa kwa sababu anaonekana, wala si kwamba kazi yake ndiyo nzito kupita zote.

#10 Mpishi Hana Jina
Jikoni pointi 2 na usafi wa vyumba 3. Naona tu.

#11 Sheria Mkononi
Wengi mnachanganya. Kitu kinachotolewa *baada* ya huduma ni asante. Kinachotolewa *kabla*, ili upewe chumba kinachotazama bahari ambacho mwingine ameshakilipia, hicho kina jina lingine. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haiishii kwa watumishi wa umma, inamgusa hata wakala wa mwajiri binafsi. Kwa hiyo lile neno "begi likishafika chumbani" kwenye rasimu ya #1 lisifutwe, lina kazi.

Kuhusu sanduku, Uingereza wametunga sheria ya mgao wa bakshishi mwaka 2023, ikaanza kutumika 1 Oktoba 2024: mwajiri anatakiwa kuwapa wafanyakazi bakshishi yote, hana ruhusa ya kukata chake.

#12 Kichwa Ngumu
Kwa hiyo bakshishi ni takrima?

#13 Sheria Mkononi
Takrima iliyobatilishwa na Mahakama Kuu 2006 ilikuwa ya wagombea uchaguzi. Mpagazi hagombei.

#14 Nahodha Mstaafu
Sahihisho dogo kwa #11. Sheria hiyo ni ya England, Wales na Scotland. Ireland ya Kaskazini haimo.

#15 Loji Ndogo Mjini
Mnaongea kama kila mahali pana mpagazi. Loji zetu za vyumba sita au nane, anayebeba ni mlinzi au mtunza bustani. Mgeni anamwona na kirungu, anadhani kubeba ni kazi yake ya bure. Halafu kule Mji Mkongwe nyumba nyingine zina ngazi za mbao nyembamba zenye mwinuko mkali, toroli la #2 linaishia barazani. Njia yake ni begi moja moja: begi kifuani, mgongo ukutani, mtu wa pili chini yako. Kwa nyumba kama hiyo hesabu ya safari inamuumiza mgeni, hesabu ya begi inaeleweka. Karani, andika "anayekubebea mzigo", usiandike "mpagazi", ili mlinzi naye aingie.

#16 Binti Raskazone
#15 umesema la maana kuliko wote. Ila mlinzi akiacha geti kubeba begi, geti linabaki na nani? Hapo ndipo vinapopotea vile vilivyobaki kwenye bajaji. Kwanza mizigo YOTE ishuke, bajaji iondoke, geti lifungwe, ndipo begi la kwanza liende.

#17 Duka la Fedha
Suala la aina ya fedha mmeliruka na ndilo linalowaumiza wapagazi wa pwani.

Euro: noti ndogo kabisa ni ya 5. Kwa hiyo Mjerumani au Mtaliano akitaka kutoa kidogo anatoa sarafu ya 1 au 2. Sarafu za kigeni dukani hatununui. Mpagazi anakaa na kopo zima, mpaka apate mgeni anayerudi Ulaya akubali kumbadilishia kwa noti.

Pauni: noti ndogo ni 5, chini ya hapo sarafu. Angalieni sana: noti za karatasi za pauni zimeshaondolewa zote, ya 5 Mei 2017, ya 10 Machi 2018, za 20 na 50 Septemba 2022. Na sarafu ya pauni 1 ya duara ilikoma Oktoba 2017, inayotumika sasa ina pembe 12. Kuna wageni wanazitoa bila hila, zilikaa kwenye droo kwao.

Dola: noti za 1 na 5 zinanunuliwa kwa bei ya chini kuliko za 50 na 100, na zile kuukuu au zilizochanika maduka mengi hayagusi. Dola 1 iliyokunjwa mara nne ndani ya kiganja si lazima iwe fedha.

Tanga ninyi mna Wakenya kupitia mpaka wa Horohoro. Noti yao ya 1,000 ya zamani iliisha nguvu 30 Septemba 2019.

#18 Dau la Kaole
Kumbe ndiyo maana wapagazi wanawauliza wageni "unarudi lini Ulaya?" Nilidhani ni urafiki.

#19 Sheria Mkononi
Nyongeza kwa #17. Tangu kanuni za Machi 2025, kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni ndani ya nchi ni marufuku. Karatasi ya chumbani isiandike "dola 1". Andika shilingi.

#20 Nahodha Mstaafu
Bakshishi ni bei? Zawadi haina bei. Mgeni akitoa dola mwenyewe bila kudaiwa, kanuni imevunjwa wapi?

#21 Sheria Mkononi
Ikishaandikwa kiasi kwenye karatasi ya hoteli, inaanza kufanana na bei. Ndiyo hoja ya mpishi wa #1 pia, ukitazama.

#22 Mpishi Hana Jina
Asante. Na pointi zangu?

#23 Kiongozi wa Msafara
Kuna kitu kinaitwa malipo ya mizigo ya kundi, na hakuna aliyekigusa. Kampuni ya utalii ikileta watu 20, mara nyingi vocha inajumuisha ubebaji: kiasi kwa kila begi, mara mbili, kuingia na kutoka. Mgeni ameambiwa huko kwao "ubebaji umelipwa", hatoi kitu, na hana kosa. Hoteli inaipokea kwenye ankara ya kundi na inaishia kwenye mapato ya vyumba. Mpagazi anaona mabegi 31 yamepita mikononi mwake bila hata soda, anawaita wageni wabahili.

Namna ya kuziba: mapokezi wasome vocha siku moja kabla, sehemu ya ubebaji itolewe taslimu kwenye vocha ndogo ya ofisi, mpagazi asaini siku mabegi yanapoingia, si siku ankara inapolipwa, maana ankara ya kundi inaweza kuchukua mwezi.

Kutoka nako kuna kanuni zake. Mkitaka gari liondoke saa 2 asubuhi, mabegi yawe nje ya milango saa 12 na nusu. Mpagazi anahesabu mlangoni, kiongozi anahesabu garini, idadi zilingane ndipo buti lifungwe. Zikitofautiana kwa moja, mara nyingi ni begi la mtu aliyeoga mwisho, bado liko ndani.

#24 Mzee wa Toroli
#23 umefungua macho. Basi kwa makundi tuache kabisa bakshishi ya begi?

#25 Kiongozi wa Msafara
Kwa makundi yenye vocha, ndiyo. Kwa kundi lililojiletea lenyewe, kiongozi akusanye bahasha moja ya mizigo. Mtu mmoja mmoja akitoa, watatu watatoa na 17 wataangalia bahari.

#26 Frasila Mbili
Nawachepusha kidogo. Mji huu ulijengwa na wapagazi. Misafara ya karne ya 19 iliishia hapa, wengi wa wabebaji Wanyamwezi, mzigo wa kawaida kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Na walikuwa na mafungu mawili yasiyochanganywa: ujira uliopatanwa kabla ya safari, na posho ya kula njiani. Wengine wanasema hata jina la mji linatokana nao, bwaga moyo, umefika pwani, tua mzigo upumzike. Wengine wanalipatia jina hilo maana ya uchungu, ya mateka waliokata tamaa. Kwa vyovyote, bakshishi ilikuwa kitu cha tatu, na kosa la leo ni kuifanya ndiyo ujira.

#27 Binti Raskazone
Kilo 32 tena! Kumbe mashirika ya ndege yameiga frasila mbili.

#28 Mapokezi Zamu ya Usiku
Zile 32 za ndege ni kwa ajili ya migongo ya wapakiaji, begi moja lisizidi hapo. Wapagazi wa Kilimanjaro kikomo chao 20. Na Shirika la Kazi Duniani linasema 50 kwa mwanamume.

#29 Nahodha Mstaafu
55, tena ni pendekezo la 1967. Mkataba wenyewe, namba 127 wa mwaka huo huo, hautaji kilo.

#30 Mapokezi Zamu ya Usiku
Nimepokea. Hata hivyo kwenye mchanga usimpe mtu mmoja zaidi ya begi moja la 23.

#31 Kichwa Ngumu
Mbona mnaongelea Wazungu tu? Bagamoyo na Tanga zote zinaishi kwa semina. Mtu wa semina ana begi moja, mkoba mmoja, na katoni ya vitabu ambayo "imesahaulika" kuhesabiwa. Ukimbebea anakwambia "Mungu akubariki", ukikaa sekunde mbili anauliza kama unatoa risiti ya bakshishi ili aambatishe.

#32 Dau la Kaole
Risiti ya EFD, yenye asilimia 18 ya VAT juu ya buku 😂

#33 Mpiga Hesabu
Wa semina wanalipa kwa simu. Hapo kuna mtego mwingine: Lipa Namba ya mapokezi inaingiza kwenye akaunti ya hoteli, imechanganyika na soda na chakula. Kama hakuna mtu anayeandika "mzigo, chumba 7, 2,000" dakika ile ile, jioni hakuna wa kuitenganisha. Bora laini ya simu ya pamoja ya wafanyakazi, na taarifa ya miamala ibandikwe kila Jumatatu karibu na daftari la pointi.

#34 Msomi wa Mbali
Huko Marekani ni rahisi, kila mtu anajua: dola 2 hadi 5 kwa begi, kwa sababu mhudumu wa bakshishi analipwa dola 2.13 kwa saa, kiwango hakijabadilika tangu 1991.

#35 Nahodha Mstaafu
Hiyo 2.13 ni kiwango cha serikali kuu kwa wanaohesabiwa kuwa wa bakshishi. California kwa mfano hairuhusu, mwajiri analipa kima cha chini kamili. Na bado Wamarekani wanatoa California vilevile. Kwa hiyo sababu uliyotoa haitoshi.

#36 Frasila Mbili
Na Mjapani kwao hatoi kabisa, wala si ubahili. Ukimkazia macho anadhani amevunja kitu.

#37 Mama wa Ngamiani
Mmesahau adabu ya kutoa yenyewe. Mkono wa kulia, hata kama wa kushoto ndio ulio karibu na mfuko. Usiitupe juu ya begi wala kitandani, mpagazi mwenye heshima zake hataichukua, na msafisha chumba atakuja kuikuta asijue ya nani. Iwe imeshatengwa mfuko wa kando, usifungue pochi yenye noti kumi mbele ya mtu. Neno linalofaa ni "pole na kazi, ya soda hii." Mwezi wa Ramadhani mchana usiseme ya soda, sema ya futari. Na siku ya Idi hiyo si bakshishi tena, ni mkono wa Idi, hata mlinzi ambaye hakubeba anapata.

#38 Karani wa Dunda
Asanteni. Rasimu mpya baada ya kuwasoma: "Anayekubebea mzigo si lazima umpe kitu. Ukipenda, 2,000 kwa mzigo wote baada ya kufika chumbani ni kawaida hapa. Mapokezi watakuvunjia noti. Tafadhali tumia shilingi. Sarafu za kigeni hazibadilishiki. Sanduku la pamoja ni la huduma nyingine." Makundi yenye vocha hayatawekewa karatasi hii.

#39 Mzee wa Toroli
"Mzigo wote" ni safari ngapi za toroli? Familia ya mabegi tisa ni safari tatu, kwa 2,000 hiyo hiyo?

#40 Loji Ndogo Mjini
Na mlinzi amerudi sandukuni kwa pointi 1.

#41 Mpishi Hana Jina
"Si lazima umpe" halafu unataja kiasi. Nilisema kuandika ni kuomba.

#42 Mama wa Ngamiani
Mkono mtupu haulambwi, mpishi, acha waandike.

#43 Karani wa Dunda
Basi naweka "kwa kila safari ya toroli". Ila mgeni atajuaje toroli linabeba mangapi?

#44 Mzee wa Toroli
Piga mstari wa rangi kwenye mbao za ubavu wa toroli. Mzigo ukifika mstarini ni safari moja.

#45 Kichwa Ngumu
Na katoni ya vitabu vya semina iko juu ya mstari au chini?